Kujiandaa kwa safari ya meli ya kitalii Ulaya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya msafiri mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anayekwenda kupanda meli ya kitalii katika Bahari ya Mediterania, kwa kawaida usiku saba, akianzia Barcelona (Hispania), Genova au Civitavecchia (Italia), au Piraeus (Ugiriki). Wanaoishi Marekani wana swali lao mbele kidogo. Wanaoachwa gatini kwa kawaida hawajaogopa bahari, bali karatasi zao zina kasoro. Ndiyo maana karatasi zinatangulia hapa na zimechukua nafasi kubwa kuliko nguo na masanduku.

Nianze maandalizi lini?

Miezi saba au minane kabla ya kuondoka. Kampuni nyingi za meli hupokea malipo ya awali, kisha hudai salio lote kati ya siku 60 na 90 kabla ya safari. Baada ya tarehe hiyo ukighairi unakatwa, na kadiri siku zinavyokaribia makato yanapanda hadi kufikia nauli yote. Upande wa pili, maombi ya viza ya Schengen (viza moja ya kundi la nchi za Ulaya zisizokaguana mipakani) hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15.

Chukua meli inayoondoka 20 Septemba yenye salio la siku 90. Salio linadaiwa 22 Juni, na dirisha la viza linafunguliwa 20 Machi. Ukipeleka maombi Machi au Aprili, jibu litakufikia kabla hujalipa salio. Ukingoja Julai, umelipa nauli yote na viza huna. Uamuzi wa kawaida huchukua siku 15 na unaweza kufika siku 45, na hapo hujahesabu muda wa kungoja miadi ya kupeleka maombi, ambao kuelekea majira ya joto ya Ulaya huwa mrefu.

Kabla ya kulipa hata senti ya awali, soma ukurasa wa kughairi na umuulize wakala kwa maandishi: nikinyimwa viza narudishiwa kiasi gani, na hadi tarehe ipi? Jibu la simu halitakusaidia siku ya madai.

Viza niombe ya kuingia mara moja au mara nyingi?

Omba ya kuingia mara nyingi kila ratiba inapogusa nchi iliyo nje ya Schengen. Kosa hili ndilo linalowagharimu watu zaidi ya yote.

Meli ikitoka Piraeus, ikapita Kuşadası nchini Uturuki na kurudi kwenye visiwa vya Ugiriki, wewe umetoka Schengen na sasa unataka kuingia tena. Viza ya kuingia mara moja imekwisha kazi. Hali ni hiyohiyo kwa Tunisia, Misri, Albania na Montenegro. Kroatia haimo tena katika kundi hilo; iliingia Schengen 1 Januari 2023. Malta nayo ni Schengen.

Kampuni ya meli hukagua viza zote kabla hujapanda. Ikiona mahali utakapokwama, haikupandishi kabisa hata kama bandari yenye shida ni ya siku ya tano, kwa sababu kampuni ndiyo itakayobeba mzigo wa abiria aliyekataliwa.

Kwenye fomu weka alama kwenye kuingia mara nyingi, kisha ambatisha ratiba ya bandari na barua fupi inayotaja bandari iliyo nje ya Schengen na tarehe zake. Viza ikitoka, soma stika kabla hujaondoka dirishani: idadi ya kuingia, tarehe ya kwanza na ya mwisho, idadi ya siku. Siku ya kufika na ya kuondoka zote zinahesabiwa.

Meli inapita nchi tatu au nne. Niombe kwa nchi ipi?

Kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Zikilingana, ile utakayoingilia kwanza. Kwenye meli hesabu hii huwapotosha wengi kwa sababu wanasahau usiku wa hotelini.

Tuseme unafika Barcelona Ijumaa, unalala, unapanda meli Jumamosi. Meli inasimama Marseille (Ufaransa), Genova, Civitavecchia na Palermo (Italia), na Valletta (Malta), kisha inarudi Barcelona Jumamosi inayofuata. Italia ina bandari tatu, yaani siku tatu. Hispania ina Ijumaa, Jumamosi ya kuondoka na Jumamosi ya kurudi, nazo tatu. Zimelingana, na kwa kuwa ndege yako inatua Barcelona, maombi ni ya Hispania. Ukipunguza huo usiku wa Ijumaa, kipimo kinaangukia Italia. Andika siku moja moja kwenye karatasi na uipeleke pamoja na maombi. Ofisa anayeiona hesabu yako hana sababu ya kukurudisha.

Ada ya viza kwa mtu mzima ni euro 90, watoto wa miaka 6 hadi 11 euro 45, walio chini ya miaka 6 hawalipi. Kituo kinachopokea maombi huongeza ada yake ya huduma.

Nyaraka gani hasa zinahitajika?

Pasipoti iliyotolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, yenye kurasa mbili tupu, na iliyo hai kwa angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Schengen. Kampuni nyingi za meli hutaka miezi sita, kwa hiyo fuata sita. Uthibitisho wa meli wenye jina lako, namba ya chumba au daraja lake, na ratiba ya bandari unasimama badala ya hoteli kwa siku za baharini. Siku za kabla na baada bado zinahitaji hoteli. Ongeza tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi (iliyoshikiliwa tu, isiwe imelipwa), bima, taarifa ya benki ya miezi ya karibuni na barua ya mwajiri au usajili wa biashara.

Fedha zilizoingia kwa mkupuo wiki moja kabla ya maombi huzua maswali. Kama ni mchango wa ndugu au mauzo ya kiwanja, ambatisha ushahidi wake.

Jina la kwenye tiketi lina majina mawili, pasipoti ina matatu. Kuna shida?

Ipo. Meli, ndege, viza na bima vyote vifuate pasipoti herufi kwa herufi, pamoja na lile jina la kati ambalo wakala hupenda kuliruka. Kusahihisha herufi mapema mara nyingi ni bure. Orodha ya abiria ikishafungwa, baadhi ya kampuni huhesabu badiliko hilo kama kughairi na kuweka nafasi upya. Aliyebadili jina baada ya ndoa asafiri kwa jina lililo kwenye pasipoti, hata kama kitambulisho cha taifa kinasema vingine.

Nikibaki ndani ya meli bandari fulani, bado nahitaji viza yake?

Mara nyingi ndiyo. Bandari nyingi huhesabu abiria wote kuwa wamefika, na meli ikiharibika au wewe ukiugua utashushwa upende usipende. Iulize kampuni ya meli kwa maandishi, ukitaja uraia wako na bandari zote.

Ninaishi Marekani na nataka kwenda Karibi kutoka Florida. Kuna tofauti gani?

Inategemea karatasi yako. Raia wa Marekani anayetoka na kurudi bandari ileile ya Marekani anaweza kwa safari nyingi kutumia cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha serikali, ingawa pasipoti ni salama zaidi: ukiachwa Nassau (Bahamas) au Cozumel (Meksiko) utahitaji kurudi kwa ndege, na hapo cheti cha kuzaliwa hakitoshi. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu abebe kadi hiyo na pasipoti ya nchi yake, kisha aangalie viza ya kila kisiwa kwa pasipoti hiyo.

Wakimbizi, wakiwamo wengi waliotoka Kongo, wanahitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi inayoombwa kwa fomu I-131 kabla ya kutoka Marekani. Hati hiyo huishi mwaka mmoja, na si kila nchi inaipokea, kwa hiyo uliza bandari kwa bandari. Ambaye kesi yake ya hifadhi haijaamuliwa asipande meli hizi bila kuzungumza na mwanasheria. Siku mbili za Bahamas zinahesabika kuwa umetoka Marekani, na kutoka bila kibali cha mapema cha kurudi kunaweza kuizika kesi yenyewe. Wauzaji wa tiketi hawalisemi hili.

Bei ya kwenye tangazo inajumuisha nini?

Chumba, mlo wa mgahawa mkuu na ule wa kujipakulia, maonyesho ya jioni, mabwawa. Ni bei ya mtu mmoja katika chumba cha wawili. Anayelala peke yake huongezewa, wakati mwingine hadi kulipa nafasi zote mbili.

Nje ya bei kuna kodi za bandari (kampuni nyingine huzijumlisha, soma), ndege, viza, matembezi ya nchi kavu, intaneti, pombe, soda na mara nyingi hata maji ya chupa mezani. Kuna pia bakshishi ya wafanyakazi inayoingizwa kwenye bili kila siku kwa kila mtu. Ikiwa ni euro 12 kwa siku, watu wawili kwa usiku saba ni euro 168, na bili hiyo huwashtua wengi asubuhi ya mwisho. Kifurushi cha vinywaji kwa kawaida lazima kinunuliwe na watu wazima wote wa chumba kimoja. Kwa wasiokunywa pombe, kifurushi cha soda na juisi au kulipia kila glasi huwa nafuu zaidi.

Naweza kulipa kwa M-Pesa au Mixx by Yas (zamani Tigo Pesa) ndani ya meli?

Hapana. Ndani ya meli hakuna anayepokea noti wala simu. Kila kitu hugongwa kwenye kadi ya chumba na kulipwa mwishoni kwa kadi ya benki au kwa fedha taslimu ulizoweka dhamana mapokezini siku ya kwanza.

Nenda na kadi halisi ya plastiki ya Visa au Mastercard yenye jina lako. Wiki mbili kabla, iambie benki ifungue matumizi ya nje ya nchi, itaje kikomo cha siku, na uijaribu kwa ununuzi mdogo. Elewa jambo moja kuhusu kadi za malipo ya moja kwa moja kutoka akaunti: meli hushikilia kiasi fulani kila siku au kila unapofikia kiwango, na fedha zilizoshikiliwa hukaa siku kadhaa baada ya safari kabla ya kuachiwa. Mtu mwenye salio dogo hujikuta hana nauli ya teksi Barcelona huku fedha zake zikionekana kwenye akaunti. Kama kadi yako ni ya aina hiyo, weka dhamana ya taslimu. Beba pia euro 150 hadi 200 za noti ndogo kwa ajili ya nchi kavu.

Simu yangu itashika baharini?

Itashika, na hapo ndipo hasara ilipo. Meli ina mnara wake unaopitia setilaiti, na mtandao huo haumo katika vifurushi vya kawaida vya nje ya nchi. Weka simu kwenye hali ya ndege kabla meli haijaondoka gatini, kisha washa Wi-Fi peke yake. Kifurushi cha intaneti cha meli huwa nafuu kikinunuliwa mtandaoni kabla ya safari. Kwa bandari za Ulaya, laini ya eSIM (isiyo na kadi, hupakuliwa kwenye simu) ya nchi nyingi inatosha. Kumbuka pia ujumbe wa uthibitisho wa benki: kama laini yako ya nyumbani haipokei ujumbe nje, kadi itakataa malipo ya mtandaoni.

Bima ya viza inatosha?

Kwa ubalozi inatosha. Kwa bahari huenda isitoshe. Schengen inadai angalau euro 30,000 za matibabu, dharura na kurudishwa nyumbani. Angalia kama hati inataja safari za meli, kuhamishwa kutoka baharini kwa helikopta, na fidia ya kukosa meli kwa sababu ndege imechelewa. Zahanati ya meli hutoza papo hapo kwenye bili yako. Wewe unadai bima baadaye, kwa hiyo tunza risiti na ripoti ya daktari. Mwenye kisukari au presha aitaje hali hiyo wakati wa kununua. Aliyeificha hulipa mwenyewe.

Chanjo na dawa?

Beba kadi ya njano ya homa ya manjano. Nchi kadhaa, Misri ikiwamo, huidai kwa watokao nchi zenye homa hiyo. Chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 cheti chake ni cha maisha yote.

Dawa zikae kwenye pakiti zake za asili pamoja na cheti cha daktari kwa Kiingereza, zitoshe siku za safari na siku nne za ziada, na ziwe kwenye begi la mkononi. Dawa za maumivu zenye tramadol au kodeini zina udhibiti mkali Misri na Falme za Kiarabu. Kama unapitia Dubai, angalia sheria zao pia. Anayetumia insulini aombe mapema friji chumbani na kopo la kutupia sindano.

Nitatapika?

Meli kubwa zina mapezi pembeni ya kupunguza kuyumba, na Mediterania ya Juni hadi Septemba huwa tulivu siku nyingi. Ukijijua tumbo lako ni jepesi, chagua chumba cha katikati ya meli na sitaha za chini, pale mwendo ulipo mdogo. Vyumba vya juu kabisa mbele ndivyo vinavyosukwa.

Dawa hufanya kazi ikitangulia. Sinarizini, inayopatikana kwenye maduka mengi ya dawa kwetu, kwa mtu mzima ni miligramu 30 saa mbili kabla ya safari, kisha 15 kila baada ya saa nane ikihitajika. Inasinzisha, usiichanganye na pombe. Tangawizi huwasaidia baadhi ya watu. Kutapika pamoja na kuhara ni jambo jingine: huenda ni norovirusi, ripoti zahanati. Virusi hivyo haviuawi vizuri na jeli ya pombe, kwa hiyo nawa kwa maji na sabuni kabla ya kila mlo.

Mjamzito au mtoto mchanga anaruhusiwa?

Kampuni nyingi hazimpokei mjamzito atakayefikisha wiki ya 24 wakati wowote wa safari, na hudai barua ya daktari kwa aliye chini ya hapo. Mtoto awe na angalau miezi sita. Kwa safari za kuvuka bahari kuu, miezi 12. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja, bibi au shangazi abebe cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi aliyebaki, iliyothibitishwa na wakili.

Chakula halali kipo?

Katika kampuni nyingi hupatikana kwa kuomba, na ombi hutakiwa mapema, mara nyingi siku 30 hadi 60 kabla. Lipeleke kwa barua pepe, na usiku wa kwanza umwone msimamizi wa mgahawa aoneshe kama limefika jikoni. Kwenye meza ya kujipakulia nguruwe na nyama nyingine hukaa jirani na vijiko huhama, kwa hiyo samaki na mboga ndilo kimbilio la wengi. Usijibebee nyama kavu wala maziwa kutoka nyumbani: Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kuingiza nyama na maziwa kutoka nje ya nchi zake, isipokuwa vyakula vya watoto wachanga na vya matibabu chini ya masharti.

Nini kibaki nyumbani?

Pasi, birika la umeme, hita ya kuchemshia maji kwenye ndoo, mishumaa, udi wa kuchoma na chetezo. Vyote ni hatari ya moto na vitachukuliwa mlangoni. Ekstensheni yenye kinga ya umeme nayo hairuhusiwi, kwa sababu mfumo wa umeme wa meli hutofautiana na wa nyumbani na kifaa hicho kinaweza kupata moto.

Plagi zetu za pini tatu za mraba haziingii. Vyumba vingi vina soketi ya Ulaya ya pini mbili za duara, na nyingine ya Marekani ya volti 110. Adapta moja ya kawaida na chaja yenye matundu kadhaa ya USB zinatosha familia.

Nguo?

Kidogo kuliko unavyodhani. Suti au gauni moja kwa jioni rasmi, viatu vilivyokwisha kuzoeleka, sweta hata Agosti kwa sababu ya kiyoyozi. Kanga mbili hufanya kazi nyingi: kwenye makanisa ya Italia, likiwamo la Mtakatifu Petro, mabega na magoti lazima yafunikwe.

Nifike mji wa bandari siku gani?

Siku moja kabla, bila kubishana. Ndege ya Dar es Salaam au Nairobi huunganisha Doha, Istanbul, Addis Ababa au Dubai. Ukikosa kiungo kimoja unapoteza nusu siku, na milango ya meli hufungwa saa moja hadi moja na nusu kabla ya kuondoka. Ongeza foleni ya mpakani: EES, mfumo wa Ulaya wa kusajili wageni wanaoingia na kutoka, ulioanza 12 Oktoba 2025, humsajili na kumpiga picha ya uso kila mgeni anayeingia kwa mara ya kwanza. Zaidi ya hayo, "Roma" ya kwenye tangazo ni bandari ya Civitavecchia, kama kilomita 70 kutoka mjini.

Jisajili mtandaoni mara dirisha linapofunguliwa, chagua muda wa kupanda, chapisha lebo za mizigo na uzipige stepla kwenye masanduku. Wapagazi wa gatini huyachukua, nayo hufika chumbani jioni. Pasipoti, dawa, chaja na nguo ya kubadili visiingie humo. Kila msimu kuna mtu anayesimama mbele ya dawati la uhamiaji huku pasipoti yake iko kwenye toroli la mizigo.

Zoezi la dharura ni lazima?

Ni lazima. Meli ya kitalii Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, 13 Januari 2012 na watu 32 kufa, baadhi ya abiria walikuwa hawajafanya zoezi. Sheria ya sasa inataka lifanyike kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Ishara ni honi saba fupi na moja ndefu. Jua kituo chako cha kukusanyikia na jaketi la uokozi lilipo; la mtoto uliombe siku hiyohiyo kama halimo chumbani.

Saa za kurudi melini huhesabiwaje?

Kwa saa ya meli, ambayo mara nyingine si saa ya nchi kavu. Majira ya joto Ulaya ya kati iko nyuma yetu kwa saa moja, majira ya baridi kwa saa mbili. Ratiba huandikwa kwa mtindo wa saa 24: 16:30 ni saa kumi na nusu jioni, na familia zilizogawana vikundi ziandikiane hivyo kwa tarakimu. Kurudi hutakiwa nusu saa hadi saa nzima kabla ya meli kuondoka. Matembezi yaliyonunuliwa melini yakichelewa, meli huyasubiri. Teksi yako binafsi ikikwama, haisubiri.

Naweza kupandia Mombasa au Zanzibar?

Meli za kitalii hutia nanga huko hasa kati ya Novemba na Aprili, lakini abiria wengi wamepandia kwingine. Vipande vya safari huuzwa mara chache. Ukipata kimoja, uliza kwanza kama bandari hiyo imeruhusiwa kupandisha abiria wapya siku hiyo, kisha ndipo uulize bei.